Kabla Hujachagua Mwisho wa Dunia

Muhula uliopita, kwenye kozi ya mbinu za kufundisha Jiografia, tulipewa kazi ya kikundi: pangeni safari ya mafunzo ya meli kwenda sehemu ya mbali kabisa duniani, na bajeti isiwape presha. Yaani kwa mara ya kwanza tangu tufike chuo tuliambiwa hela si tatizo. Sisi tunaohesabu siku za boom tukachangamka. Ndani ya dakika kumi tulishaamua: Antaktika. Sababu? Picha. Barafu ya bluu, pengwini wamejipanga kama wanafunzi wa paredi ya asubuhi. Tukaandika kurasa sita tukakabidhi.

Dokta alizirudisha bila alama. Juu aliandika swali moja kwa wino mwekundu: "Kwa nini huko?" Tukapewa wiki mbili za kurudia.

Wenzangu, najua wengi wetu hatutapanda meli hizo karibuni. Bei yake ni maelfu ya dola kwa kichwa. Lakini wapo humu wanaosoma utalii ambao kesho watauza safari hizo, na sisi wa ualimu tutapanga safari za watoto wa watu. Maswali ya kuchagua ni yaleyale, kwa hiyo nakuletea manne yaliyotutoa kwenye aibu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia meli gani. Si zile ghorofa zinazoelea zenye maelfu ya abiria na mabwawa ya kuogelea. Hizi za msafara ni ndogo, zinakwenda kusiko na bandari, na abiria hushushwa ufukweni kwa boti za mpira, wakiwa na wataalamu wa ndege, miamba na historia. Aliyeufungua utalii huu ni Lars-Eric Lindblad, aliyepeleka watalii Antaktika mwaka 1966. Mwaka 1969 ikaundwa meli maalumu kwa kazi hiyo, Lindblad Explorer. Jina hilo likumbuke, tutarudi kwake.

Swali la kwanza: utakanyaga nchi kavu kwa muda gani?

Hapa ndipo kazi yetu ya kwanza ilipoanguka. Tulichagua meli ya abiria 400 kwa sababu ilikuwa nzuri. Kumbe Antaktika ina kanuni: watalii wasiozidi 100 tu ndio wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, angalau kiongozi mmoja kwa kila watu 20, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Sasa piga hesabu. Hali ya hewa ikikupa saa nne, meli ya abiria 100 inawashusha wote kwa saa zote nne. Ya 200 inagawa zamu mbili, saa mbili kila mtu. Ya 400, saa moja. Umevuka dunia nzima kwa saa moja! Kwa hiyo ukubwa wa meli utazame kabla ya uzuri wa vyumba.

Swali la pili: bahari ikikataa, utaridhika?

Mfano mzuri ni Tristan da Cunha, kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini. Wakazi wake hawafiki 300. Hakuna uwanja wa ndege. Kutoka Cape Town ni zaidi ya kilomita 2,700, safari ya meli ya takriban wiki nzima. Na bandari yake ni ndogo sana, mawimbi yakiwa makubwa boti haziingii. Inawezekana kabisa ukasafiri siku zote hizo, ukakiona kisiwa kwa macho, na meli ikageuza.

Mwenzetu mmoja alisema, "Mimi ningedai hela yangu." Basi huyo sehemu ya mbali haimfai, na si kosa lake. Ratiba ya safari hizi inaandikwa kwa penseli. Ndiyo maana msimu ni muhimu: Antaktika huendewa takriban Novemba hadi Machi, majira ya joto ya kule. Bahari yetu ya Hindi nayo ina kusi na kaskazi, na mvuvi yeyote wa pwani atakwambia kusi ikishika katikati ya mwaka si wakati wa kuchezea boti ndogo.

Swali la tatu: mambo yakiharibika, nani atakuja?

Turudi kwa ile meli. Novemba 2007, ikiwa imefupishwa jina na kuitwa Explorer tu, iligonga barafu karibu na Rasi ya Antaktika ikazama. Ilikuwa na watu 154. Walikaa masaa kadhaa kwenye maboti ya kujiokolea kwenye baridi ile, na wote wakapona kwa sababu meli nyingine ya kitalii, Nordnorge, ilikuwa jirani ikaja kuwachukua. Meli iliyoanzisha utalii huu ndiyo iliyotufundisha hatari yake. Kwa hiyo uliza: daktari yupo melini? Hospitali ya karibu iko siku ngapi? Bima inalipia kukutoa huko? Hatukuwa na hata mstari mmoja juu ya hilo, na tulikuwa tunapanga safari ya wanafunzi. Hilo lilinikaa moyoni kuliko ile alama tuliyokosa.

Swali la nne: mwenyeji anasemaje?

Tulidhani sehemu za mbali hazina mwenyewe. Si kweli. Kutembelea Tristan unahitaji kibali cha Baraza la Kisiwa. Watu wale volkano ililipuka mwaka 1961, wakahamishwa wote hadi Uingereza, na wengi wao wakachagua kurudi mwaka 1963. Ukifika pale unaingia kwenye nyumba ya watu walioipenda kiasi hicho. Hodi ni lazima.

Na pasipo na watu kuna viumbe. Kisiwa cha Gough, kilicho chini ya utawala huohuo wa Tristan, kilipata panya wadogo waliofika na meli za mabaharia wa karne ya 19. Panya hao wamekua na sasa wanakula vifaranga vya albatrosi vikiwa hai kwenye viota. Hakuna baharia aliyekusudia hivyo. Ndiyo maana leo kwenye meli za Antaktika abiria wanakaguliwa viatu, mifuko na nguo, mbegu moja isije ikasafiri nao.

Kwenye swali hili kikundi kiligawanyika. Mmoja alishikilia kwamba barafu inayeyuka, basi twende tukaione kabla haijaisha. Hoja ina mvuto, lakini kila anayekimbilia huko anachoma mafuta yaleyale yanayoiyeyusha. Mwingine akasema basi asiende mtu. Nikamuuliza, nani atatetea mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona? Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga darasa.

Kilichotupatanisha ni Aldabra. Hiki ni kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwa kikuu cha Mahé, yaani kiko upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Kina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na hakuna wakazi wa kudumu, ila watafiti na watunzaji. Miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga kituo cha kijeshi pale, wanasayansi wakapiga kelele, na mpango ukaachwa mwaka 1967. Wengi waliokitetea hawakuwahi kukanyaga. Kwa hiyo swali langu lilijibiwa: mtu anaweza kupatetea mahali asipopaona, mradi amefundishwa.

Kuna jambo lingine. Taasisi inayotunza Aldabra ndiyo inayotunza pia Vallée de Mai, msitu wa minazi ya koko-de-mer kwenye kisiwa cha Praslin, unaofikika kwa urahisi. Viingilio vya msitu huo ndivyo vinavyosaidia kulipia ulinzi wa Aldabra. Ukitembea Vallée de Mai asubuhi moja, umewachangia kobe wa Aldabra bila kuwakanyagia majani yao.

Basi kazi yetu ya pili ilikuwa kurasa nne. Tulipanga wanafunzi waende Praslin, wasome habari za Aldabra wakiwa hapo, na meli ya kwenda Aldabra kwenyewe tukaiacha kwa watafiti na wageni wachache wenye kibali. Ukurasa wa kwanza ulianza na jibu la "Kwa nini huko?" kabla ya picha yoyote.

Dokta alitupa alama safari hii, sitazitaja. Ila chini aliandika swali jipya, na nimelibandika ukutani juu ya kitanda changu hosteli: "Na kipi kati ya haya hamuwezi kukifundisha kwenye mikoko ya karibu?" Bado naliandikia jibu. Nikipangiwa shule, nadhani nitaanzia hapo.