Somo kwa Wazazi: Mtoto wa Anemia SS na Imani Yetu

Masomo: Yohana 9:1-3, 2 Wafalme 20:1-7, Kutoka 17:8-13



Katika Kongo yetu nyumba nyingi ziko na mtoto wa anemia SS. Mifupa inamuuma, macho yanakuwa manjano, damu inapunguka. Wazazi wanaomba usiku kucha, na asubuhi jamaa wanauliza: nani amemloga? Tujifunze mambo matatu.

1. Tusitafute mkosaji. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu: ni dhambi yake ao ya wazazi? Yesu alikataa yote mawili. Ugonjwa huu unatoka katika damu ya baba na ya mama pamoja. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba iko na nafasi 1 juu ya 4 ya kuzaa mtoto SS. Basi mume asimfukuze mke wake, wala mtu asimwite mtoto mlozi. Sheria ya 2009 ya kulinda watoto inakataza jambo hilo. Na vijana wapime damu mbele ya ndoa.

2. Maombi hayakatazi dawa. Hezekia alilia, Mungu akamsikia. Lakini nabii Isaya aliagiza pia tini ziwekwe juu ya jipu lake. Mama anayempa mtoto maji mengi, anayemlaza chini ya chandarua na kumkinga na baridi, anafanya kazi ya imani. Homa ikipanda, mpelekeni hospitali siku ile ile, mkiomba njiani. Tena, mtoto huyu asifungishwe chakula na maji: kiu inamletea maumivu.

3. Tusiwaache peke yao. Mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri waliishika hata jua kushuka. Mara nyingi hospitali inaomba jamaa watoe damu. Ndugu mwenye afya, usikimbie.

Na uponyaji ukikawia? Tusiwaambie wazazi kwamba imani yao ni ndogo. Anayeamka kila usiku kumtuliza mtoto, na bado anamwita Mungu, huyo anaamini.

Maswali ya nyumbani:
– Katika kanisa letu, nani analea mtoto wa namna hii?
– Juma hili tutamsaidia kwa nini?

Bwana awatie nguvu.

Shemasi wenu