Kubadili Springi na Shokomzoba za Land Rover ya Zamani

Ewe mwenye Land Rover ya zamani hapa Makorora, uchukuaye machungwa kutoka Muheza, yakupasa kujua kwamba springi hubeba mzigo, na shokomzoba hutuliza mtikisiko. Gari likiinama upande mmoja mahali palipo sawa, springi imechoka. Shokomzoba ikivuja mafuta, imekufa. Badili ya kushoto na ya kulia za ekseli ile ile pamoja, gari lisije likayumba.

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; liweke juu ya stendi imara, kwani jeki huteleza na kuua.

Mwisho, boliti za bushi za springi zikazwe kabisa magurudumu yakiisha kukanyaga chini na kubeba uzito. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira wa bushi hujipinda na kuchanika upesi.