Cheo cha Jeshi ni Hesabu ya Watu

Ndugu msomaji, wenye vyeo hupenda kutukuzwa. Lakini ukiyachungua majina ya vyeo vya jeshi katika dola za Kiislamu za zamani, utaona kwamba mengi yanataja idadi ya watu waliowekwa chini ya mkubwa.

Katika dola ya Mamluki wa Misri na Sham (1250–1517) walikuwako amiri wa kumi, amiri wa arobaini na amiri wa mia, kwa hesabu ya wapanda farasi wao. Waturuki wa dola ya Uthmania nao walisema onbashi, mkuu wa kumi. Yuzbashi, mkuu wa mia. Na binbashi, mkuu wa elfu. Mwaka 1889 Wajerumani waliandika askari wa Kisudani huko Cairo na kuwaleta pwani ya Afrika Mashariki. Cheo cha ombasha kikaja pamoja nao. Na “afande” tunayoisikia hadi leo asili yake ni efendi ya Kituruki.

“Amiri” ni neno la Kiarabu, maana yake mwenye kutoa amri. Huenda mtu akauliza: Je, mwenye amri hufanya apendavyo?

Tazama mwaka 632. Mtume Mtukufu s.a.w. alimweka Usama bin Zaid, kijana wa miaka 20 hivi, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, kuwa amiri wa jeshi la kwenda Sham. Wako walionung’unika, lakini Mtume s.a.w. hakumwondoa. Baada ya kufariki kwake, Hadhrat Abubakar r.a., Khalifa wa kwanza, alilisindikiza jeshi hilo kwa miguu, hali Usama amepanda mnyama. Usama akaona haya, akataka kushuka, Khalifa akamkataza. Tena, alipomhitaji Hadhrat Umar r.a. abaki Madina, alimwomba Usama ruhusa, maana Umar alikuwa askari wa jeshi lile.

Naye Hadhrat Khalid bin Walid r.a., mshindi wa vita vingi, alipoondolewa katika uamiri mkuu wa Sham, aliendelea kupigana chini ya Hadhrat Abu Ubaida r.a.

Basi wewe uliyeingia karibuni katika Uislamu, usione unyonge kuongozwa na aliye mdogo kwako kwa umri au kwa ukoo. Na siku utakapokabidhiwa watu, wangawa kumi tu, wahesabu vizuri: ndio utakaoulizwa habari zao mbele ya Mwenyezi Mungu.