Maana ya Kuzoea

Neno letu la juma hili ni kuzoea. Ni neno la kila siku, na kwa sababu hiyo wengi wetu hulitumia pasipo kulipima.

Kuzoea ni kukutana na jambo mara kwa mara hata likaacha kuwa geni. Mtoto humzoea mlezi wake. Msafiri huizoea baridi ya ugenini. Katika shina hilo twapata kuzoeza, yaani kumfanya mwingine azoee. Kuzoeana, watu wanapozoea wao kwa wao. Na kuzoeleka, jambo linapokuwa la kawaida. Kadhalika twapata mazoea, mazoezi na uzoefu. Tusilichanganye na kujua: waweza kumjua jirani kwa jina na ukoo, wala usimzoee. Tena mazoea yakizidi heshima hupungua, ndiyo maana mkubwa humwonya mdogo, “Usinizoee.”

Walakini liko kosa zito zaidi katika kulitumia neno hili. Twende Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda ule udongo hunywa mvua upesi, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mtelemko mkali kuteka maji, wakapanda tena na mtungi kichwani. Mgeni aliyetoka Masasi, kule chini kwenye nchi tambarare yenye majabali, angeweza kuwatazama na kusema, “Hawa wamezoea.”

Kwa sarufi, angesema sawa. Kwa maana, angekosa. Kuzoea humbadili mtu, hakuubadili mzigo. Mtungi haukupungua uzito hata kidogo; shingo tu ndiyo iliyojifunza kuubeba. Kilichoanza kupunguza taabu ile si mazoea, bali pampu na mabomba ya kuyapandisha maji, kazi iliyoanza katika miaka ya 1950.

Basi, wazazi, tujichunguze. Yuko binti alalaye wa mwisho na kuamka wa kwanza. Yuko bibi mzee ajikokotaye kwenda kuni peke yake. Mara ngapi tumesema juu yao, “Amezoea,” tukaendelea na chakula chetu? Tuwazoeze watoto wetu kuuliza swali moja kabla ya kulitamka neno hilo: je, amezoea, au amekosa wa kumsaidia?