Akitimiza Miaka 18, Matunzo Yamekwisha?

Wazazi wakiachana, matunzo ya mtoto yanaendelea mpaka lini? Wengi hujibu haraka: mpaka miaka 18. Jibu hilo ni sahihi lakini ni nusu tu, na nusu iliyobaki yaweza kumtoa kijana shuleni.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba amtunze mtoto kwa chakula, mavazi, malazi na elimu, awe anaishi naye au la. Amri ya mahakama hukoma mtoto akifikisha miaka 18. Sasa tupige hesabu. Aliyeanza darasa la kwanza na miaka 7, akasoma saba ya msingi na minne ya sekondari, anaingia kidato cha tano akiwa na 18. Ndipo fedha zinapokatika! Ada ya kidato hicho ilifutwa mwaka 2022, lakini godoro, sare na nauli vinabaki kwa mzazi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imefungua mlango. Mahakama inaweza kuendeleza amri ya matunzo baada ya miaka 18, ikiwa kijana yuko masomoni au mafunzoni. Kwa hiyo hata binti wa Mzinga anayejifunza ufundi VETA Kihonda anaweza kunufaika. Maombi hupelekwa na mzazi, anayemlea, au kijana mwenyewe. Lakini tuangalie neno "inaweza": amri haijiendelezi yenyewe. Hakimu atatazama kipato cha wazazi wote wawili na watoto wengine wanaowategemea.

Huku Uluguru kuna kisingizio chetu. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo baba mwingine husema, "Wajomba zake wapo, wamsomeshe." Ukoo unaweza kumpa mtoto shamba, haumfutii baba wajibu wake. Mjomba akisaidia tumshukuru, ila mdaiwa ni baba. Na ahadi ya kwenye kikao cha ukoo, hata ikishuhudiwa na wazee kumi, si amri ya mahakama.

Mama, usingoje siku ya kuzaliwa ifike. Miezi kadhaa kabla, muone afisa ustawi wa jamii, kisha nenda mahakamani na nakala ya amri ya kwanza, cheti cha kuzaliwa, barua ya kujiunga na shule au chuo, na orodha ya mahitaji waliyoitoa.