Je, Ni Lazima Mama Aongezewe Njia?



Mara nyingi baada ya mafundisho ya ndoa, yupo bwana anayebaki nyuma akijifanya anapanga viti. Wenzake wakishaondoka huja na swali lake: "Katekista, tangu mama watoto ajifungue hataki nimkaribie. Je, amenichoka?" Nikimwuliza kama mkewe alishonwa, hushangaa. "Kushonwa? Hakupasuliwa, alizaa kawaida!"

Msimcheke. Mimi nilikuwa vivyo hivyo mwaka 2005, mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Kwa majuma matatu mke wangu alikalia upande mmoja tu wa kiti, nami nikadhani ni uchovu. Nilinuna, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Dada yangu ndiye aliyeniita kando na kunieleza kwamba mke wangu alikatwa leba na kushonwa, wala hakuna aliyemwambia chochote kabla ya mkasi kupita. Yeye mwenyewe aliona haya kuniambia.

Basi leo tuzungumze waziwazi, na msome pamoja, bwana na bibi.

Sehemu iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa huitwa msamba. Kichwa cha mtoto kinapokaribia kutoka, msamba hutanuka sana. Hapo mkunga au daktari anaweza kuukata kwa mkasi ili njia iwe pana, na baada ya kuzaa huushona. Ndiyo maana watu husema mama "ameongezewa njia". Anapaswa kuchomwa sindano ya ganzi kwanza, na ganzi hiyo iwepo pia wakati wa kushonwa.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mama anayezaa mara ya kwanza akatwe tu. Mwaka 1920 Daktari Joseph DeLee wa Chicago, Marekani, aliwashauri wenzake wafanye hivyo kama kinga, na mafundisho ya namna hiyo yalienea mbali. Ilisemwa kwamba mkato ulionyooka hupona vizuri kuliko mchaniko, tena humkinga mama asichanike hadi njia ya haja kubwa. Maneno hayo huingia akilini upesi. Lakini mwulizeni fundi cherehani: akitaka kurarua kitambaa, hukipiga mkasi kidogo ukingoni kwanza. Wachunguzi walipolinganisha akina mama waliokatwa kwa mazoea na wale waliokatwa kwa sababu maalum tu, waliona kwamba kundi hili la pili halikuchanika vibaya zaidi. Mapitio ya tafiti hizo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha hata kwamba michaniko mibaya ilikuwa michache kwao. Michaniko mingi ya kawaida ni midogo, na mingine haihitaji hata uzi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1996 kwamba kukata kusifanywe kwa mazoea, na mwaka 2018 likarudia kwamba halipendekezi mama anayezaa kawaida akatwe ovyo.

Hata hivyo, msiondoke hapa mkisema katekista amekataza mkasi! Mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na kichwa kiko mlangoni, mkato huweza kumtoa upesi. Vilevile mtoto akihitaji kuvutwa kwa kifaa, au mabega yake yakikwama na mkunga akahitaji nafasi ya kuingiza mkono. Na dada zetu waliokeketwa wana kovu lisilotanuka vizuri, hasa wale walioshonwa baada ya kukeketwa. Hao wamweleze mkunga mapema kliniki, wala wasingoje usiku wa uchungu.

Kwa hiyo ulizeni mapema. Siku ya kliniki, bwana uende naye, mwulize muuguzi: "Hapa mama hukatwa wakati gani? Je, ataelezwa kwanza?" Hilo si ujeuri. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa, isipokuwa kwa mambo kama dharura ambapo kungoja kunahatarisha maisha. Ulizeni pia kama anaweza kujifungua akiwa amechuchumaa au amelala ubavu badala ya chali.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa mwaka 2011. Mkunga, mama wa makamo asiyekuwa na haraka, alichovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu akakiweka msambani, akaushikilia kwa mkono wake, akamwambia mke wangu aache kusukuma na apumue pumzi fupifupi kichwa kitoke polepole. Hakukatwa. Mambo hayo ya kitambaa na mkono yamo pia katika mapendekezo ya mwaka 2018. Wala hayana gharama.

Na kama amekatwa? Bwana, hapo kazi ni yako. Chota maji, uyapashe moto, ili ajisafishe kila atokapo chooni. Pedi zibadilishwe mara kwa mara. Apate mboga, matunda na maji ya kutosha, maana choo kigumu ni adui wa nyuzi. Asipakwe majani wala dawa za kienyeji. Nyuzi nyingi siku hizi huyeyuka zenyewe.

Kuhusu tendo la ndoa, msubiri damu ikatike na kidonda kipone. Kliniki ya juma la sita ni nafasi nzuri ya kukaguliwa, lakini juma la sita si kengele ya shule. Kuna mama atakayehitaji miezi zaidi, na akisema anaumia, mwamini. Maumivu yakidumu arudi kwa daktari. Yanatibika, asiambiwe avumilie.

Arudi hospitali siku hiyohiyo akiwa na homa, usaha au harufu mbaya, uvimbe na maumivu yanayozidi, nyuzi zikiachia, au akishindwa kuzuia mkojo, upepo au choo. Hili la mwisho akina mama hulificha kwa aibu, hata miaka. Mwulize kwa upole mkiwa wawili, watoto wameshalala.