Dondoo muhimu: Kubadilisha taa za dashibodi kwenye pikapu ya zamani

Kabla ya kununua balbu, washa taa za gari. Kama dashibodi na taa ndogo za nyuma zimezima pamoja, anza na fyuzi. Katika Toyota nyingi za zamani, taa hizo hutumia fyuzi moja. Zungusha pia swichi ya kupunguza mwanga, kama ipo. Mara nyingi mtu ameishusha bila kujua.

Ukiamua kufungua, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Toa skrubu za fremu, kisha za paneli ya mita, lakini usivute kwa nguvu! Pikapu nyingi za miaka ya 1980, Hilux zikiwamo, zina kebo ya spidomita nyuma ya paneli. Bonyeza klipu yake ichomoke, la sivyo utavunja plastiki iliyokaushwa na jua la miaka mingi. Balbu hukaa kwenye soketi ndogo unazozungusha kidogo tu zikatoka. Nenda na ya zamani dukani, ulinganishe umbo na wati, na ubadilishe zote kwa pamoja, maana umri wa zote ni mmoja.

Ukichagua balbu za LED, kumbuka zina chanya na hasi: moja ikigoma kuwaka, igeuze. Ila taa ya onyo la betri iachie balbu ya kawaida. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta, na ukiweka LED huenda betri isichajiwe.

Rudisha waya wa betri ujaribu kila taa kabla ya kukaza skrubu.